Tulivyomgeuzia Babu Mgongo

Kutoka Kilosa hadi Shinyanga nilisafiri kwa garimoshi. Kutoka Shinyanga hadi Geita nilisafiri kwa honi.

Safari ya garimoshi haina maneno mengi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, nina sanduku la bati, blanketi, cheti cha sekondari na ugonjwa wa miguu. Si ugonjwa wa hospitali. Nikikaa mahali mpaka nikazijua njia zake zote, miguu inaanza kuwasha, na hakuna dawa ila kuondoka. Leo nimevuka arobaini na haujapona. Kilosa ilipoanza kuniwasha nilipanda behewa la daraja la tatu, nikakalia sanduku langu, Dodoma ikapita, Tabora tukabadilisha garimoshi, na asubuhi moja nikashuka Shinyanga kwa sababu tu niliona mbuga tupu yenye ng'ombe wengi kuliko watu, nikaipenda.

Shinyanga nilikaa msimu mmoja wa pamba, nikiandika uzito wa magunia. Kisha nikasikia kwamba mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita unatafuta makarani. Pamba ilikuwa imekwisha na miguu ilikuwa imeanza. Nikapata nafasi kwenye lori la mfanyabiashara lililobeba chumvi, mabati na vitambaa, na kwa kuwa nilivaa viatu, dereva akanikaribisha mbele.

Nilikuta kumekwisha kaliwa na mwanamke kijana wa Kisukuma, na mapajani pake mtoto wa kiume ambaye hajafika miaka mitatu. Mwanamke alinisalimu kwa sauti ndogo, akasogea. Mtoto hakunisalimu. Alikuwa anaitazama honi ya lori, ile ya zamani yenye mpira wa kuminya, iliyofungwa karibu na mkono wa dereva.

"Mama, huyu anataka nini?" dereva akauliza.

"Anataka hiyo."

"Honi haichezewi."

Mtoto akafungua kinywa. Nimesikia vilio vingi maishani, na kilio chochote kina huzuni kidogo ndani yake. Hiki hakikuwa na huzuni hata chembe. Kilikuwa amri. Kilianzia chini kama lori linalopanda mlima, kikafika juu, kikabaki huko huko bila kupumua. Dereva, jitu la Tabora lenye shingo ya fahali, aliendesha mwendo mfupi huku amekunja mabega kama mtu anayenyeshewa. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Mpe honi."

Basi tukaenda kwa honi. Mbuzi walitukimbia, kuku walitukimbia, na mzee mmoja aliyekuwa juu ya baiskeli aliingia mwenyewe shambani kabla hatujamfikia. Kahama tuliingia tukipiga honi, tukatoka tukipiga honi. Tulipofika Masumbwe jua likielekea kuzama, watu walitoka majumbani kutazama ni bwana mkubwa gani anayekuja. Akateremshwa mtoto asiye na suruali.

"Shuka taratibu, baba mkwe," mama yake akamwambia, akapiga goti kidogo alipompokea.

Nilidhani nimesikia vibaya. Tulipokaa kusubiri chakula nikamuuliza, naye akanieleza kama anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua.

Mtoto huyu, alisema, alizaliwa akilia, akaendelea kulia. Akinyonya analia, akilala analia usingizini. Wakampeleka hospitali ya misheni pale Kolandoto, wakaambiwa mtoto ni mzima, tena mzima sana. Ndipo wazee wakaenda kwa mfumu, yaani mganga apigaye ramli, naye akasema jambo ni jepesi: baba wa mumewe, aliyekuwa amefariki mwaka ule ule, anataka jina lake. Mtoto akapewa jina la marehemu, na jioni ile akanyamaza. Tangu hapo yeye ndiye marehemu. Mumewe anamwita baba. Wajukuu wenzake wanamwita guku, ndiyo babu kwa Kisukuma. Na yeye, mke wa mwana, anamheshimu kama mkwe.

"Na akipiga kelele kama leo?"

"Ndiyo hofu yetu," akasema. "Akilia, maana yake marehemu amechukizwa. Kwa hiyo akitaka kitu, anapewa."

"Kila kitu?"

Aliwaza. "Mwezi tulishindwa kumpa."

Alikuwa anaenda kwa mumewe, mchimbaji wa zamu ya usiku katika mgodi ule ule niliokuwa naendea. Walikuwa wameoana mumewe akiwa likizo, na kila likizo ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Kwa miaka yote ile alimjua mumewe kwa salamu zinazoletwa na madereva. "Hata sijui," aliniambia, "kama nimeolewa na mtu au nimeolewa na salamu." Sasa mumewe alikuwa amepata ruhusa ya kuishi na familia kambini. Alivyotamka neno hilo, kambini, ungedhani anataja mji wa dhahabu wenyewe.

*

Kambi ilikuwa safu za vyumba vya matofali ya udongo chini ya bati moja refu. Tuliziita laini. Nilipewa kazi ya karani wa taa: jioni nawagawia wachimbaji wa usiku taa za kuingilia shimoni, alfajiri nazipokea, kisha nakwenda kulala. Nikapewa na chumba. Nilikuwa naweka sanduku langu chini, namshukuru Mungu kwa utulivu, niliposikia upande wa pili wa ukuta mtu anasema, "Karibu uji, baba mkwe," na baba mkwe akijibu kwa ile sauti ya honi.

Ukuta haukufika juu. Kati ya ukuta na bati paliachwa nafasi ya kupitisha hewa, na kupitia nafasi hiyo nilisikia kila kitu, mpaka kijiko kikigonga bakuli. Laini nzima ilisikia. Na laini nzima, mimi pamoja nao, ilikuwa ya watu wa zamu ya usiku ambao mchana ndio usiku wao.

Babu, maana hata sisi wa makabila mengine tulimwita hivyo baada ya muda, hakutaka vitu peke yake. Vitu vilikuwa kisingizio. Alichotaka ni kutazamwa. Alikuwa na karai la kufulia ambalo aliligeuza juu chini katikati ya ua. Akilipanda, anasimama wima, tumbo mbele, na kuamuru, "Nitazameni." Hakusema nitazame. Alisema nitazameni, kwa watu wengi, kama inavyomfaa mzee wa ukoo. Mama yake akitazama, haitoshi. Wake za majirani wakitazama, haitoshi. Aliyelala pia atoke atazame. Na mlango usipofunguka, basi anainua ile sauti, na milango yote inafunguka kwa pamoja, inatoka midevu, mablanketi na macho mekundu.

"Shikamoo Babu," tunasema.

"Malahaba."

"Unataka nini Babu?"

"Nitazameni."

Tunamtazama. Anaruka kutoka kwenye karai, kimo cha kiganja. Tunasema, ahaa, vizuri sana. Tunarudi kulala. Anapanda tena.

Mimi, kama msomi wa laini, nilijiona nina wajibu. Nilianza kwa kumweleza. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia kwa Kiswahili safi kwamba watu hufanya kazi usiku na mwili wa binadamu unahitaji mapumziko. Alinisikiliza kwa makini, akanivua kofia, akaivaa, akasema, "Nitazame." Nikajaribu sukari guru. Nikampa kipande ili anyamaze, akanyamaza, na kesho yake akaja mlangoni kwangu kupiga kelele mapema zaidi, kwa sababu sasa kelele zilikuwa na mshahara. Siku nyingine nikajifanya maiti. Akaingia, akapanda kitandani, akaniinua kope la jicho kwa kidole chenye uji, akachungulia ndani kama mtu anayechungulia kisimani.

Siku niliyoona haya kuliko zote ni ile niliyoamua kumshinda kwa silaha yake. Alipopiga kelele, nami nikapiga kelele. Akanitazama kwa furaha kubwa, akapumua, akapandisha. Nikapandisha. Dereva wa winchi wa chumba cha tatu, Mngoni mwenye heshima zake, alitoka akiwa amejifunga taulo.

"Karani, mtoto tumemzoea," akasema. "Wewe umeanza lini?"

*

Mkuu wa kambi alikuwa nyapara, mtu mzima mwenye kaptura iliyopigwa pasi na filimbi shingoni. Kazi yake ilikuwa kuangalia usafi wa laini na amani yake, na aliifanya kwa kupayuka. Akisema habari za asubuhi, kunguru wanaruka. Lakini hakuwa mtu mbaya, na kuna sheria hakuzitunga yeye. Ruhusa ya kukaa na mke kambini ilikuwa ya hisani. Chumba kikileta malalamiko, mke na watoto wanarudishwa kwao, na wako wengi wanaosubiri nafasi.

Malalamiko yalimfikia. Si kutoka laini yetu. Sisi tulilalamika wenyewe kwa wenyewe. Yalitoka laini ya pili, ambako watu walikuwa wanasikia "nitazameni" na hawaoni chochote. Nyapara akaja, akasimama mlangoni kwa jirani yangu.

"Nikisikia tena," akapayuka, "mama na mtoto wanapanda lori! Jumatatu yoyote ile lori linapokuja. Kutoka chumba hiki mtu ataondoka, nasema mbele ya watu wote hawa."

Alipokwenda, mama hakulia. Alikaa kizingitini akipembua mtama, akipembua mtama uliokwisha pembuliwa. Mumewe alisimama nyuma yake, mchimbaji hodari anayebeba mawe kama vikapu.

"Mchape," mtu mmoja akashauri.

"Nimchape baba yangu?" akajibu mumewe. "Wewe ungemchapa wako?"

"Wangu hapandi karai."

"Na akiumwa? Na marehemu akikasirika?" mama akasema. Kisha akasema lile lililokuwa moyoni. "Nikirudi safari hii sitaletwa tena. Najua. Nitakuwa mke wa salamu mpaka nizeeke."

Hakuna aliyecheka. Babu naye alikuwa amelala, mikono kichwani, kama mtu aliyemaliza kazi nzito.

*

Mama mkwe wa mwanamke yule alifika kabla ya mwisho wa mwezi. Hakuna aliyemwita, alikuwa ameota tu kwamba hajala na mwanawe siku nyingi, akapanda lori na gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo Msukuma hasafiri bila hivyo. Alikuwa kikongwe mwembamba, amejifunga kaniki, ana meno machache lakini yote anayatumia.

Babu alikuwa juu ya karai. Alipoona mgeni, akapata nguvu mpya. "Nitazameni!" Milango ikafunguka. Tukatoka, tukasema shikamoo Babu.

Bibi akatua gunia lake. Akamtazama mjukuu wake mara moja tu, kwa jicho la mtu anayeona deni la zamani limerudi na riba.

"Kumbe ni wewe, mume wangu," akasema. "Umekufa na bado hujanyamaza."

Babu akapandisha sauti mpaka ile ya Kahama. Bibi akainamisha macho chini kwa adabu, akapiga goti kidogo, akamgeuzia mgongo, akaketi, akaanza kufungua gunia. Akatoa michembe akaitandaza kwenye ungo, akaipepeta, taratibu. Babu akazunguka apate kuwa mbele yake. Bibi akageuka na ungo wake upande wa pili. Babu akazunguka tena. Wakazunguka hivyo kama watu wanaocheza ngoma wasiyoipenda, mpaka Babu akachoka, sauti ikamwishia, akasimama. Halafu, kwa sauti ya kawaida ambayo wengi wetu hatukuwahi kuisikia, akauliza, "Hii nini?"

Hapo hapo Bibi akageuka, akamtazama usoni. "Michembe, mume wangu. Karibu ule." Akamkalisha miguuni pake.

Tulikuwa tumesimama na mablanketi yetu, vinywa wazi.

"Mlikuwa mnamtazama wa nini?" Bibi akatuuliza. "Nimekaa na mtu huyu tangu sijaota mvi. Alikuwa akitaka kutazamwa, basi. Ng'ombe akipotea anapayuka, ng'ombe akionekana anapayuka. Ukimtazama, umemlisha. Ukimjibu, umemwongezea mboga. Mimi nilikuwa namgeuzia mgongo naenda zangu kutwanga. Baadaye anakuja mwenyewe, anauliza polepole kama kuna ugali."

"Lakini mama," mwanawe akasema, "baba hatachukizwa?"

"Achukizwe na nani? Mjane wake ni mimi. Hasira zake zote nimeolewa nazo mimi, hakuna aliyerithi." Akamgeukia mke wa mwanawe. "Na wewe mwanangu. Baba mkwe wako akikasirika, mke mwenye adabu hufanyaje? Hukodoa macho?"

Mama akainama. "Huinamisha macho, mayu," akajibu, yaani mama kwa Kisukuma. " Akaondoka mbele yake."

"Sasa adabu hiyo umeiacha Shinyanga? Huyu si mkwe wako?"

Nilimwona yule mwanamke akiinua kichwa polepole. Siku zote alikuwa akimheshimu mkwe wake kwa nusu tu, ile nusu ya kupiga goti na kutoa. Nusu ya pili, ya kuondoka mbele ya mzee mwenye hasira, alikuwa ameisahau kwa sababu mzee mwenyewe alimfika gotini.

Bibi akatuwekea sharti moja tu. Babu akisema kama mzee, ajibiwe kama mzee, saa ile ile, hata kama mtu yuko msalani. Akipayuka, ageuziwe mgongo kwa heshima na laini nzima, wanaume kwa wanawake. "Akibaki mtu mmoja tu anayemtazama," alisema, "mmekwisha. Atamtafuta huyo."

*

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya zaidi. Babu hakuamini. Alipanda karai, akatoa amri, na laini nzima ikainamisha macho na kumwonyesha migongo. Alikwenda kwa mmoja mmoja kuhakikisha. Dereva wa winchi alikuwa bombani anaoga, kichwa chote povu la sabuni, na Babu akaja mbele yake kupayuka. Yule bwana akageuka hivyo hivyo na povu lake, akakosa bomba, akapapasa ukuta wa jirani. Wanawake wawili waliokuwa wakisukana nywele waligeuka pamoja, mmoja akiwa ameshika kichwa cha mwenzake, kwa hiyo wote wakazunguka kama jiwe la kusagia. Mimi niligeuka kitandani nikatazama ukuta, nikajiona mpumbavu, kisha nikasikia upande wa pili mama naye anageuka na kusema, "Mzee amekasirika, tumwache apumzike."

Lakini alipozungumza kwa sauti ya watu, hakuna mfalme aliyewahi kujibiwa upesi namna ile. Alisema "maji" chini chini, na vikombe vinne vikatoka milango minne. Alisema "ndege," na wanaume saba wenye ndevu wakatazama juu. Nadhani alianza kuona faida. Kutazamwa na watu waliotolewa kitandani kwa nguvu si sawa na kutazamwa na watu wanaopenda.

Siku moja nilikuwa nje nashona kifungo. Akaja, akaniwekea mkono gotini. Alisubiri. Niliona kifua chake kinajaa, ile amri inapanda, ikafika shingoni. Kisha akaimeza. "Karani," akanong'ona. "Nitazame."

Nikaweka sindano chini. Nilimtazama sawasawa. Hakuruka, hakufanya chochote. Alisimama tu, akatazamwa, na aliporidhika akaenda zake.

Bibi akarudi Shinyanga na gunia tupu. Laini ikalala. Mama akaanza kuimba asubuhi, polepole, akikoroga uji, na mumewe akaanza kuwahi kutoka shimoni.

*

Kwa bahati mbaya, malalamiko ya zamani yalikuwa bado yanatembea. Yalitoka laini ya pili yakaenda kwa karani wa kambi, yakakaa huko, na siku yalipomfikia tena nyapara yalikuwa yamepitwa na wakati, lakini yeye hakujua. Jumatatu moja akaja ameshika fimbo. Nyuma yake kidogo alisimama Mzungu mmoja wa ofisini aliyekuwa akipita kukagua matangi ya maji.

Nyapara akapiga filimbi. Tukatoka. Akasimama katikati ya ua, karibu kabisa na karai, akajaza kifua.

"Nilisema au sikusema?" akapayuka. "Nilisema kelele basi katika laini hii!"

Naapa hakuna aliyepanga. Miili yetu ilifanya yenyewe. Dereva wa winchi aliinamisha macho, akapiga goti kidogo, akageuka. Mchimbaji aliyekuwa karibu yake akageuka. Wanawake wakageuka. Mama mwenyewe, ambaye maisha yake yote yalikuwa mikononi mwa mtu yule, akageuka kwa adabu kuu. Nami nikajikuta natazama mlango wangu.

"Mnafanya nini?" nyapara akapandisha. Akazunguka aje mbele yetu. Laini nzima ikageuka upande wa pili. Akazunguka tena, fimbo mkononi, nasi tukamzungushia migongo, na nikaona mabega ya dereva wa winchi yanaanza kutikisika. Mtu mmoja alitoa sauti puani. Mama alikuwa ameuma khanga yake, machozi yanamtoka, na sikuweza kujua kama ni ya hofu au ya kicheko. Nadhani naye hakujua.

Aliyebaki anamtazama nyapara ni Babu peke yake. Alikuwa amesimama pembeni, vidole kinywani, akimsikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi mwenzake. Kisha akamwendea, akavuta ncha ya kaptura yake, akamwambia kwa sauti ya chini, "Usilie."

Nyapara akatazama chini. Akafungua kinywa.

"Polepole," Babu akamwelekeza.

Yule Mzungu aliuliza matangi yako wapi, akaenda zake kwa haraka.

*

Jioni ile nyapara alikuja chumbani kwangu kabla sijaenda kwenye taa. Aliketi juu ya sanduku langu, na kwa mara ya kwanza alizungumza kwa sauti ya chini. Nafikiri aliogopa ningegeuka.

"Karani, wewe umesoma. Niambie ukweli. Ule ulikuwa mgomo?"

"Haukuwa mgomo, mzee. Ni ulezi."

"Ulezi."

Nikamweleza yote, tangu mfumu mpaka michembe. Alisikiliza huku anazungusha filimbi yake. Mwishoni akacheka kidogo, akajizuia.

"Mimi naelewa. Nina wajukuu. Lakini ofisini wanasema watu wa laini nzima wamemgeuzia mgongo msimamizi, tena mbele ya Mzungu. Niende niwaambie ulezi? Halafu nilikwisha sema mbele ya watu kwamba mtu ataondoka. Nisipoondoa mtu, kesho laini zote zitanigeuka."

Upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya. Kijiko hakikugonga bakuli. Nilijua wamesimama huko wanasikiliza, mama na mumewe, kupitia ile nafasi ya hewa.

"Umesema mtu," nikamwambia. "Hukusema nani."

"Nilisema kutoka chumba kile."

"Ukuta haufiki juu, mzee. Ni chumba kimoja."

Akanitazama.

Sitaki mtu anione shujaa. Njia zote za kambi ile nilikuwa nimezijua, na tangu mvua zikatike miguu ilikuwa inaniwasha. Nilikuwa nimesikia habari za Biharamulo, sikumbuki hata habari gani. Mtu asiye na mke wala mtama ghalani anaondoka kwa urahisi kuliko kubandua kibandiko. Nikamwambia aseme kwamba chanzo cha fujo ni karani mmoja aliyesoma sekondari. Ofisini wataamini kabla hajamaliza sentensi.

Waliamini. Nyapara alinirudishia majibu kesho yake, karibu anaomba radhi. "Chumba chako hatutamweka mtu," akasema. "Tutaweka sululu na makoleo. Yale hayalalamiki. Na mama yule abaki. Mwambie abaki."

Sikuwa na haja ya kumwambia.

Niliondoka siku ya pili yake, lori la kwenda Biharamulo likiwa linasubiri barabarani. Wanaume walikuwa wamelala. Niliagana nao alfajiri nilipopokea taa zao. Nikazunguka nyuma ya laini kumtafuta mama yake Babu, niliyemwita shemeji. Nilimkuta ameinama, amelima kipande cha ardhi kutoka ukutani mpaka kwenye mtaro, anachomeka pingili za muhogo.

"Huo utaliwa lini?" nikamuuliza.

"Si ule wa haraka, shemeji. Huu unachelewa. Mwakani, labda mwaka wa kesho kutwa." Alisema hivyo bila kuinua kichwa, kama mtu asiye na wasiwasi wa tarehe. Kisha akasimama, mikono imejaa udongo, akaninyooshea kifundo cha mkono nikishike.

Nikakishika. Tukaulizana hali tena, ingawa tulikwisha ulizana. Babu alikuwa nyuma yake, anang'oa pingili zilizokwisha pandwa na kumletea moja moja, kimya kabisa, kwa heshima. Naye alizipokea, akamshukuru baba mkwe wake, akazichomeka upya. Dereva aliniita. Nikanyanyua sanduku langu.